Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: tarehe za mwanangu ziko kichwani kwangu tu

Waheshimiwa shikamooni.

Kuanzia Waziri wa Afya, katibu mkuu, waganga wakuu wa mikoa na wilaya, mpaka mganga mfawidhi wa zahanati ya mwisho kabisa huko barabara inakoishia, naomba barua hii muisome wote, maana sijui hasa ni nani kati yenu mwenye mamlaka ya kubadilisha karatasi. Ndio, karatasi. Wengine watawaandikia kuhusu majengo na mashine na wana haki, mimi leo nimekuja kwa ajili ya karatasi moja tu.

Mimi ni mama wa mtoto wa miaka sita mwenye mpira kichwani, ule wa kushusha maji ya ubongo mpaka tumboni. Tunaishi Kilosa. Jina lake siliandiki hapa, akikua ataamua mwenyewe kama anataka watu wamjue kwa hilo.

Ukiniamsha saa nane usiku ukaniuliza namba yangu ya NIDA sikumbuki hata tarakimu tatu, lakini tarehe za huyu mtoto nakutajia zote mfululizo na siku ya wiki na hali ya hewa ilivyokuwa. Baba yake ni tofauti, yeye anakumbuka hela. Ukimuuliza habari ya upasuaji wa pili atakwambia ile ya laki nne na ishirini, tuliuza pikipiki. Mimi nakwambia Alhamisi 12 Machi 2020. Tukikaa wawili ndo historia ya mtoto inakamilika, yani yeye upande wa shilingi mimi upande wa kalenda. Marehemu bibi yangu hakusoma, alikuwa anahesabu miaka kwa matukio, huyu alizaliwa mwaka wa mafuriko, yule mwaka wa vita vya Kagera, na mimi kumbe nimekuwa hivyohivyo, kila tarehe ya mwanangu imening'inia kwenye jambo ambalo nchi nzima inalijua.

Alizaliwa Jumanne 9 Aprili 2019 asubuhi, masika imekolea, mvua inapiga bati mpaka nesi anapaza sauti ndo nimsikie. Kilo tatu na nusu, analia vizuri, kichwa cha kawaida kabisa. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu nimeulizwa mno, ulikula nini, ulimkosea nani, ulienda kwa nani. Alizaliwa mzima.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 21, ana siku kumi na mbili tu duniani, akachemka. Hanyonyi. Alafu mkono wa kushoto ukaanza kurukaruka wenyewe na macho yameganda upande mmoja. Mama mkwe akasema ni degedege la kitoto, mwingine akasema tumfukize, na zahanati ya karibu ilikuwa imefungwa sikukuu, tukaja kupata huduma Jumatatu mchana. Homa ya uti wa mgongo. Akachomwa sindano, homa ikashuka, akanyonya, tukaruhusiwa, tukapewa na pole na hongera. Hamna aliyetuambia kwamba baada ya ile homa maji yanaweza kujaa, na kichwa cha mtoto kinatakiwa kupimwa na kupimwa tena.

Sio kwamba haijulikani, inajulikana. Daktari mmoja Mmarekani anaitwa Benjamin Warf alifanya kazi miaka kadhaa Mbale, hapo Uganda, akatibu watoto wengi sana wenye vichwa vikubwa, akaonyesha kwamba kwa watoto wa huku kwetu wengi wao tatizo lilianza na maambukizi, na mengi yake ni ya ule mwezi wa kwanza baada ya kuzaliwa. Akaonyesha pia kwamba baadhi yao wanaweza kutengenezewa njia ya maji ndani ya ubongo kwa kamera ndogo bila kuwekewa mpira kabisa. Haya yako kwenye majarida ya kitabibu tangu 2005. Sasa nauliza kwa heshima, kati ya Mbale na kadi ya kliniki ya mwanangu, hiyo habari iliishia wapi?

Kadi yenyewe ninayo hapa mezani. Tarehe 21 Mei 2019, wiki ya sita, amepata chanjo ya Penta ya kwanza, matone, na amepimwa uzito. Na uzito umepanda vizuri, nukta imekaa kwenye kijani, nesi akanipongeza, akasema mama unanyonyesha vizuri endelea hivyohivyo. Nikarudi nyumbani nimefurahi njia nzima. Kumbe sehemu ya uzito ule ni maji. Ile nukta naiangalia mpaka leo, wino wa bluu, imechorwa na mtu asiye na ubaya wowote aliyefanya kila kitu ambacho karatasi ilimwambia afanye.

Tarehe 18 Juni, wiki ya kumi, tulimkuta nesi mwingine, mtu mzima anayekaribia kustaafu. Kabla hata sijakaa akaniambia mwanangu hebu mvue kofia. Akamshika utosi kwa kiganja, akanyamaza, akatoa kwenye mkoba wake futi ya kupimia nguo, ile ya fundi cherehani, akaizungusha juu ya nyusi kupita nyuma. Sentimita 46. Mtoto wa umri ule anatakiwa awe kwenye 39 au 40 hivi. Akatafuta kwenye kadi sehemu ya kuandika namba hiyo, akageuza mbele, akageuza nyuma, mwisho akaiandika pembeni kabisa kwa herufi ndogo karibu na jina la kijiji. Hapo pembeni ndipo maisha ya mwanangu yalipookolewa. Nataka mpaone hapo waheshimiwa, kadi ina nafasi ya kila chanjo, ila namba iliyomuokoa ilikosa pa kukaa!

Ilituchukua mwezi mzima kutafuta hela, kufanya sitiskani, ile picha ya ndani ya kichwa, na kusubiri zamu, na mpira wa kwanza ukawekwa Alhamisi 18 Julai 2019 Dar es Salaam, na kabla hawajanikabidhi mtoto daktari kijana alinikalisha akanieleza kazi ya valvu, kile kifaa kidogo kwenye mpira kinachoongoza maji yashuke. Akanisimulia kwamba kule Marekani mwaka 1955 alizaliwa mtoto anaitwa Casey Holter, ana mgongo wazi, yani uti wa mgongo haukufunga tumboni, na kichwa kikubwa, na baba yake John Holter hakuwa daktari, alikuwa fundi, ila alipoona madaktari wanahangaika na mirija inayoziba akaingia karakana akatengeneza valvu, na 1956 ikaanza kutumika kwa watoto. Nilimuuliza daktari mara mbili, mzazi? Akasema ndio, mzazi. Sijaisahau hiyo, na nimeileta hapa kwa sababu nyingi ya shida zetu zinaanzia pale mzazi anapoongea na mtu wa nguo nyeupe anaendelea kuandika bila kunyanyua kichwa.

Ile valvu iko nyuma ya sikio lake la kulia. Chini ya ngozi inakaa kama punje ya kunde. Kila usiku akishalala napitisha kidole pale, nashuka na mpira shingoni mpaka kwenye mfupa wa bega, ni kama kamba laini ya kiatu, alafu naenda kulala. Nafanya hivyo tangu Julai ile.

Miezi nane baadaye ukaziba. Mipira inaziba, mtu yeyote mwenye mtoto kama wangu analijua hilo, mingi inasumbua ndani ya miaka miwili ya mwanzo na sio kosa la daktari wala la mama. Hiyo ndio ile ya 12 Machi 2020, ya pikipiki. Tulipofika waliniandikisha upya kama mgeni maana faili la kwanza halikuonekana, nikaulizwa aliwekewa lini, upande gani, valvu ya aina gani, nikajibu mbili za kwanza, ya tatu sikuijua, nikajisikia kama nimefeli mtihani ambao sikuwahi kufundishwa. Siku nne baadaye kikatangazwa kisa cha kwanza cha korona nchini, wageni wakazuiwa wodini, nikabaki mimi na yeye na daftari. Ndo daftari lilianza hapo. Kaunta buku yenye jalada gumu jekundu, nikaandika kila kitu, mpaka saa aliyotapika na rangi ya matapishi.

Tarehe 2 Novemba 2020 humo nimeandika neno moja tu. AMEKAA. Mwenyewe, kwenye mkeka, bila mto, kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi na nne.

Sasa nafika kwenye ile ambayo hata kuiandika mkono unakuwa mzito.

Jumamosi 20 Agosti 2022 aliamka anatapika. Ana miaka mitatu. Analala, ukimuamsha analia anashika kichwa, anarudi kulala. Nikajua. Nikapitisha kidole kwenye valvu nikajua zaidi. Tukakimbia hospitali, sitaitaja ni ipi. Wakapima malaria hamna, wakasema basi ni tumbo, akaandikiwa dawa ya amiba na maji ya chumvichumvi. Nikamwambia daktari wa zamu, mwanangu ana mpira kichwani naomba mtupe rufaa, akaniuliza karatasi za upasuaji ziko wapi. Karatasi zilikuwa zimelowa, mvua ziliingia ndani mwaka ule mwingine zikawa uji, na daftari nililiacha nyumbani kwa haraka. Nikamtajia tarehe zote. 18 Julai 2019. 12 Machi 2020. Nikamshika mkono nikataka kuupeleka kwenye ile punje ya kunde aiguse mwenyewe. Akanijibu mama mimi nafanya kazi kwa maandishi. Alikuwa amechoka, wagonjwa wamejaa mpaka nje, sijaja kumshtaki hapa, nataka mlisikie jibu lake tu, nafanya kazi kwa maandishi, kwa sababu alisema kweli. Maandishi ndio hayakuwepo.

Jumapili ikapita hivyo. Jumatatu asubuhi ikaja raundi ya daktari mwingine, akamfunua jicho, hakuuliza chochote, akaita gari la wagonjwa.

Usiku wa kuamkia Jumanne 23 Agosti 2022. Mnaukumbuka huo usiku, ndio usiku wa sensa, nchi nzima iliulizwa umelala wapi usiku wa kuamkia leo. Mimi nililala sakafuni nje ya chumba cha upasuaji. Asubuhi karani wa sensa akapita na kishikwambi chake, kijana mpole kweli, akaniandika mimi, akamwandika mwanangu, umri, jinsia, kila kitu, dakika chache tu kamaliza. Nilimwangalia yule kijana nikawaza, kumbe inawezekana. Kumbe nchi hii ikiamua inaweza kujua kila mtoto wake alilala wapi usiku mmoja, mpaka sakafuni, mpaka mtoto aliye ndani kwenye kisu. Sasa inashindikanaje kujua kwamba huyu mtoto ana mpira kichwani?

Alipona. Ila maji yalikuwa yameshagandamiza mishipa ya macho siku mbili zile. Sasa hivi anaona kama mtu anayeangalia kupitia kioo cha bafuni, anatambua sura akiwa karibu, ubaoni haoni, mwalimu wake wa awali anamkalisha mbele kabisa na kumwandikia herufi kubwa kwa makapeni, Mungu ambariki. Ameuliza mara moja tu kwa nini yeye haoni ndege wanaoonyeshwa na wenzake. Tarehe aliyoniuliza hilo ninayo pia ila hiyo nimeamua ibaki kwangu.

Wodini tulikuwa wengi. Kitanda cha pembeni alikuwepo dada mmoja, mtoto wake mgongo wazi. Usiku mmoja akanambia wewe una bahati unaijua tarehe yako, mimi yangu siijui. Sikumuelewa. Akanieleza alichofundishwa kwenye semina ya wazazi, kwamba uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itunge, yani siku ambayo mambo yaliharibika alikuwa hata hajajua kama ana mimba, alikuwa anapalilia mahindi kama kawaida. Vidonge vya foliki asidi, vile vya kuzuia hilo, alipewa kliniki ana mimba ya miezi minne, anavimeza kwa utii wote, na ilishapita. Waheshimiwa, mwezi Mei 2023 nchi zote kwenye Mkutano wa Afya Duniani zilipitisha azimio la kuongeza virutubishi kwenye vyakula ili kuzuia hili hili. Unga wa ngano wa viwandani kwetu unaongezwa foliki asidi, sawa, lakini huku tunakula dona la mashine ya mtaani, unapeleka debe lako linasagwa unaondoka nalo, hamna anayetia kitu. Yule dada anastahili jibu kuhusu mashine za mtaani, na binti zake wadogo bado hawajaolewa, muda upo.

Nirudi kwangu. Tarehe 9 Aprili 2024 mwanangu alitimiza miaka mitano, siku iliyofuata ikaangukia Idi, majirani wakatuletea pilau sahani kama sita tukaifanya ndo sherehe yake, alikula mpaka akalala na kijiko mkononi. Nililia ile siku, na sio kwa furaha tu. Sera ya Afya ya 2007 inasema mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure, na mimi nawashukuru kwa hilo kutoka moyoni, bila hiyo ningekuwa nimemzika. Lakini mpira hauna habari kwamba mtoto ametimiza mitano. Kliniki ya mwezi uliofuata ndo kwa mara ya kwanza nikapewa kontrol namba ya kulipia, nikapelekwa ustawi wa jamii kuomba msamaha wa malipo, nikaanza kueleza umaskini wangu kwa mtu nisiyemjua huku nyuma kuna foleni inasikiliza. Mtoto yuleyule, valvu ileile. Kuna wazazi wa watoto wa aina yangu wanaogopa siku ya kuzaliwa ya tano kuliko wanavyoogopa mpira kuziba, na hili nimelisikia kwa masikio yangu kwenye benchi la kusubiria. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, tunaisubiri kwa hamu, ila kwa mtoto mwenye kifaa ndani ya mwili wake naomba msamaha usikatike kwa keki.

Na ile karatasi sasa. Naomba ukurasa mmoja kwenye kadi ya mtoto, au karatasi ngumu ya rangi yake inayobanwa ndani, ya mtoto mwenye hali ya kudumu. Iwe na tarehe ya kila upasuaji, upande, aina ya valvu, sahihi ya daktari, namba ya simu ya wodi inayopokelewa hata usiku. Iwe na mistari ya kipimo cha kichwa, futi ya fundi cherehani haizidi bei ya soda. Na juu kabisa kwa maandishi makubwa, mtoto huyu ana mpira wa ubongo, akitapika au akilala kupita kiasi ni dharura mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kama malaria ipo. Iandikwe kwa Kiswahili ili hata jirani atakayemkimbiza siku mimi sipo aisome. Namba ya cheti cha kuzaliwa iwekwe hapo, na namba hiyohiyo ndio itumike kila hospitali kwenye kompyuta zenu ili nisiandikishwe mgeni mara ya nne. Wenye watoto wa selimundu na wa moyo wataitumia vilevile, nimeongea nao, shida yetu ni moja.

Kitu kingine kidogo, tarehe za kliniki. Mnatupa tarehe, tunakopa nauli, na afadhali treni ya mwendokasi imekuja 2024 safari imepungua uchovu, tunafika Dar tunaambiwa daktari ana semina njooni wiki ijayo. Namba zetu za simu mnazo. Meseji moja jioni ya kabla yake inatosha.

Kwa sababu mkweli ni mkweli, nawaambia pia ninachokiogopa. Mimi sio mzee ila presha nimeshaanza kuambiwa, na naendesha maisha yangu nyuma ya bodaboda kama kila mtu huku. Siku nikianguka, tarehe zote hizi zinaondoka na mimi. Baba yake atabaki na zile za hela. Daftari lipo, lakini ni daftari la mama, na nimeshaonyeshwa kwamba daftari la mama sio maandishi. Nataka siku ile mtoto afike sehemu yoyote, Kilosa, Tunduma, Bukoba, amebebwa na mtu asiyemjua, na daktari wa zamu aliyechoka afungue kadi aone.

Tarehe yetu ya kliniki ni Alhamisi 17 Julai 2025, siku moja kabla ya kutimiza miaka sita tangu mpira wa kwanza. Nitakuwepo asubuhi na mapema, nimevaa gauni la kitenge cha kijani, mtoto ana miwani myekundu. Kama kuna yeyote kati yenu atapenda kuiona kadi yenyewe, ile namba 46 pembeni bado inasomeka, na daftari nitakuja nalo, zimebaki kurasa kama kumi.

Ni mimi mama yake,
Kilosa, Juni 2025